Alasiri ya Jumatano: jinsi ya kuanzisha programu ya sanaa na insia katika chuo kidogo

Chuo ninachofundisha kiko mkoani Tanga. Ni chuo cha ualimu, wanachuo hawafiki mia tatu, bwalo ni moja na ndilo hilo hilo ukumbi wa mikutano na chumba cha mitihani. Idara ya sanaa hatuna, jukwaa hatuna. Kwa miaka kadhaa tulikuwa na tamasha moja kubwa kwa mwaka. Tulikodi spika na mahema, tukashonesha sare za kwaya, tukamwalika mgeni rasmi, na fungu lote la utamaduni likaishia siku moja. Jumatatu yake maisha yakarudi palepale. Mwanachuo aliyeghani shairi zuri siku ile hakupata tena mahali pa kughani mpaka anamaliza chuo.

Siku hizi tuna Jumatano moja kila baada ya wiki mbili, chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba, na fedha tunazotumia kwa muhula mzima hazifikii nusu ya zile za tamasha. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkufunzi, mkutubi au kiongozi wa serikali ya wanachuo anayetaka kuanza akiwa hana kitu mkononi. Kwa neno insia nakusudia masomo yanayomtazama binadamu: lugha, fasihi, historia, dini, falsafa, mila. Vyuoni tunayafundisha ili yajibiwe kwenye mtihani. Programu ya namna hii inayatoa darasani na kuyapeleka kwa watu yalikotoka.

Hatua ya kwanza: funga siku na saa kabla ya kufikiri mada

Wengi huanza na mada nzuri, kisha wakatafuta siku ya kuiweka. Siku haipatikani, na mada inakufa. Anza na kalenda ya chuo mezani. Kata wiki za mitihani, kata wiki za mafunzo kwa vitendo ambapo wanachuo wametawanyika mashuleni, kata wiki ya kwanza ya kufungua chuo. Kwetu zinabaki nafasi sita kwa muhula. Sita zinatosha.

Saa nayo ina hesabu yake. Sisi tunaanza saa kumi na nusu alasiri, baada ya swala ya alasiri, na tunamaliza saa kumi na mbili kasoro robo, ili anayekwenda kuswali magharibi awahi na anayekwenda kula asikute sufuria tupu. Kuna mwanga wa jua, kwa hiyo umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Alhamisi tuliikwepa kwa sababu jioni yake ni usiku wa Ijumaa na baadhi ya wanachuo wana khitma. Ijumaa jioni wengine wana ibada na mazoezi ya kwaya. Waulize viongozi wa vikundi vya dini vyote viwili kabla hujatangaza. Mwezi wa Ramadhani sogeza kikao kiwe kifupi, dakika arobaini na tano, na usiandae chakula.

Siku ikishafungwa, usiiahirishe kwa sababu yoyote ile isipokuwa msiba wa chuo. Mgeni asipotokea, kikao kinafanyika. Kwa ajili hiyo weka akiba: kisanduku kidogo chenye mashairi kumi yaliyonakiliwa kwa mkono, hadithi fupi mbili na vitendawili vya makabila ya hapo mlipo. Sisi tumekifungua mara mbili, na mara zote mbili waliokuja walikuwa wengi kuliko tulipokuwa na mgeni mwenye cheo.

Hatua ya pili: tafuta watu watano tu

Kamati ya watu kumi na tano itatumia muda wake kupanga siku ya kukutana. Tafuta mkufunzi mmoja, mkutubi, wanachuo wawili (mmoja wa mwaka wa kwanza, maana wa mwaka wa pili ataondoka na ujuzi wote), na mtu mmoja asiye mwalimu. Huyu wa mwisho msimdharau. Kwetu ni mpishi mkuu. Mama huyu amekulia Tanga mjini enzi za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na ndiye aliyetwambia kwamba tunafundisha taarabu kwenye somo la fasihi simulizi bila hata siku moja kuisikiliza. Tukampa Jumatano yake. Alikuja na kanda, tukatafuta redio ya kuzipigia, na kila baada ya ubeti alikuwa akiinua kiganja tuzime, atueleze mafumbo yale alirushiwa nani na kwa nini mtaa mzima ulielewa. Wanachuo walijifunza tamathali za semi kwa saa moja zaidi ya walivyojifunza kwangu kwa wiki tatu, na nasema hivyo kwa furaha.

Hatua ya tatu: andika dokezo

Mkuu wa chuo hawezi kuidhinisha shauku. Mpelekee dokezo sabili, yaani andiko fupi la ndani ya ofisi, la ukurasa mmoja: tarehe sita, mahali, anayewajibika, na mstari mmoja kwa kila kikao unaoonyesha kinagusa mada ipi ya muhtasari wa Kiswahili, Historia au Uraia. Fedha omba kama masurufu (fedha unazotangulizwa kisha ukazitolea hesabu) ya muhula mzima, si kikao kwa kikao, na rejesha stakabadhi kabla hazijadaiwa. Mhasibu akikuamini muhula wa kwanza, muhula wa pili hupati shida.

Gharama zenyewe ni nauli ya mgeni, karatasi za manila, maka peni, betri na zawadi ndogo. Chai inatoka jikoni kwenye birika lile lile la kila siku. Maji ya chupa ya mgeni rasmi, maua ya plastiki na kitambaa cha meza kuu futa.

Hatua ya nne: chora ramani ya nauli moja

Chukua manila, weka chuo katikati, andika kila kitu cha sanaa na historia kinachofikika kwa kwenda na kurudi siku moja. Kazi hii wape wanachuo, kwa kuwa wenyeji miongoni mwao wanajua mengi kuliko wakufunzi waliohamishiwa.

Ramani yetu ilitushangaza. Kusini mwa Tanga mjini kuna Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, mtu ambaye wanachuo wetu wanamjibia maswali kila mwaka bila kujua kuwa kijiji chake kiko safari ya daladala. Kuna Tongoni na magofu ya msikiti wake na makaburi ya nguzo. Kuna Pangani, ambako Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi yao, Desemba 1889. Milimani Usambara kuna Vuga, makao ya watawala wa Kilindi, na kuna Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Tanga yenyewe ilipiganiwa Novemba 1914, vita ambayo Waingereza walishindwa na ambayo bado inasimuliwa kwa ajili ya nyuki walioingia kati. Ongeza lugha: Kibondei, Kisambaa, Kizigua, Kidigo, Kisegeju. Ongeza mafundi: wasusi wa ukili, wachonga milango, manju wa mdumange.

Kila chuo kina ramani yake. Mwenzetu aliye Songea ana Makumbusho ya Maji Maji na kumbukumbu ya mashujaa kila Februari 27. Aliye Bagamoyo ana TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, mlangoni. Aliye mahali ambapo anadhani hapana kitu hajakaa na wenyeji.

Kutoka kwenye ramani chagua vitu sita. Visiwe vya aina moja. Mpangilio uliotufaa ni huu: kikao cha kwanza mashairi ya wanachuo wenyewe, cha pili fundi anayefanya kazi mbele yetu, cha tatu mzee wa kusimulia, cha nne tamthilia ya kusomwa kwa sauti, cha tano muziki wa kusikiliza, cha sita ziara au maonyesho ya kile kilichokusanywa. Kikao cha wazi cha wanachuo kikitangulia, wanajua kwamba pale mahali ni pao.

Hatua ya tano: kumwalika mzee

Hapa ndipo vyuo vingi vinapoharibu, na sisi tumeharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyofika hai ikiwa 62 tu, na miongo iliyofuata mashamba yakavuta watu kutoka Kigoma, Njombe, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Wajukuu wao wamo madarasani mwetu, na wengi hawajui babu alifikaje hapa. Tulipoamua kumwalika mzee mmoja aliyekata mkonge tangu ujana wake, mara ya kwanza tulimpelekea barua. Hakuja. Barua ya chuo yenye muhuri, kwa mtu aliyeishi maisha yake chini ya nyapara, si mwaliko.

Nendeni kwa miguu, watu wawili, mmoja wao awe anajulikana kijijini. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Barua ya mkuu wa chuo ni ya mtendaji, mzee msimpelekee. Ziara ya kwanza ni ya kujuliana hali. Kaeni mahali mtakapoonyeshwa, pokeeni maji, semeni mmetumwa na nani na mnataka nini, kisha ondokeni. Simu ibaki mfukoni. Ziara ya pili mkubaliane mambo manne: atasimulia nini, nini hataki kuulizwa, kama anakubali sauti yake irekodiwe, na nani atamsindikiza. Mwacheni aje na mjukuu wake au mtoto wake. Ulizeni pia anaweza kukaa kwa muda gani na kama miguu inamsumbua. Mfuateni kwa bajaji, bodaboda kwa mtu wa miaka themanini hapana.

Siku yenyewe, kiti kiwe na mgongo, na jua liwe nyuma yake. Wanachuo wakae kwenye mikeka karibu naye, asilazimike kupaza sauti. Maikrofoni humgeuza msimulizi kuwa mhutubiaji, iacheni ofisini. Atakayemtambulisha aseme sentensi tatu.

Kisha maswali. Baada ya salamu, mwanachuo wetu mmoja alisimama akauliza, "Babu, wakoloni waliwanyonya vipi?" Mzee akajibu kwa maneno matatu, "Tulinyonywa sana, wajukuu," akanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Halafu binti mmoja wa mwaka wa pili, aliyekaa mbele kabisa, akasema, "Shikamoo babu. Namba yako ilikuwa ngapi?"

Aliinua kichwa. Aliitaja tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayeitika jina lake asubuhi. Na mikono ikaanza. Mkono wa kushoto ulishika jani ambalo halikuwapo, wa kulia ukapitisha kisu chini yake, kisha ukapunguza ule mwiba wa nchani, na majani yakawa yanapangwa juu ya paja lake, juu ya msuli aliouvaa, akihesabu kwa kunong'ona mpaka mzigo ukatimia akaufunga. Baada ya hapo alieleza kipande: karatasi ya siku thelathini za kazi, nyapara akiweka alama kwa kila siku uliyomaliza sehemu yako, na siku uliyoumwa haihesabiwi. Alizungumza dakika arobaini bila kuulizwa tena.

Tangu siku ile tunaandaa maswali wiki moja kabla, kwa maandishi, na kuna maneno tumeyakataza: unyonyaji, athari, changamoto, mchango. Hayo ni maneno ya mtihani, na mzee atakujibu jibu la mtihani. Uliza kitu ambacho mkono wake uligusa. Siku ya kwanza ulikula nini? Nani aliwaamsha? Kisu ulinunua au ulipewa? Mlilala wangapi chumba kimoja? Barua kwenda nyumbani uliandikiwa na nani?

Zawadi msimkabidhi mbele za watu kwenye bahasha huku mkipiga picha. Mpeni nauli na shukrani akiwa anaondoka, mkononi, na kilo mbili za sukari kwa ajili ya nyumbani. Na ndani ya wiki mbili rudini na maandishi ya alichosema, mmsomee. Hatua hii watu huiruka, nami nawasihi msiiruke. Sisi tuliandika kwamba alitoroka shamba la kwanza. Tulipomsomea alitukatiza: "Sikutoroka. Nilimaliza kipande changu, nikahama." Kwake tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa heshima yake yote, na sisi tulikuwa karibu kuiweka maktaba ikiwa imevunjika.

Hatua ya sita: tamthilia bila jukwaa

Kuigiza tamthilia nzima kunahitaji miezi, mavazi na mahali. Kuisoma kwa sauti kunahitaji nakala chache na watu wasioona haya. Sisi tulianza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kwa sababu maktaba ilikuwa na nakala nne na mwenzangu wa Historia alikuwa tayari kukaa nasi. Wasomaji wasimame, wasikilizaji wakae. Mtu mmoja asome maelekezo ya jukwaani. Kila onyesho wasomaji wabadilishane, hata kama mhusika mmoja atasomwa na msichana kisha mvulana. Masikio huzoea baada ya dakika mbili. Gawaneni nakala, msitoe fotokopi ya kitabu kizima.

Baada ya kila onyesho tulisimama kidogo, mwalimu wa Historia akaweka kando ya tamthilia yale yanayojulikana: Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, maji yake, na kunyongwa kwake na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Swali likawa moja tu: mtunzi amebadilisha nini, na alihitaji nini kwa kufanya hivyo? Mjadala ule uliendelea hata jua lilipozama. Fasihi na Historia hukaa vyumba viwili tofauti kwenye ratiba, na pale mwembeni zilikaa mkeka mmoja.

Mkitaka baadaye kuiigiza hadharani, hasa kwa kiingilio, andikieni mchapishaji kuomba ruhusa, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuuliza juu ya hakimiliki. Kusomeana wenyewe kwa wenyewe ndani ya chuo ni kazi ya kujifunza. Kuuza tiketi ni jambo jingine.

Hatua ya saba: mashairi

Hapa sina mengi. Weka kanuni mbili. Kila anayesoma aghani au asome mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza watu husikia sauti na ya pili husikia maneno. Na anayetoa maoni aanze kwa kutaja mshororo alioukumbuka, auseme kwa moyo. Akishindwa kuukumbuka hata mmoja, asikilize wengine kwanza. Msibishane juu ya arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, na mashairi huru katika kikao cha kwanza. Mtabishana tu baadaye.

Kama chuo kiko wazi Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, kiwekeni kikao cha mashairi siku hiyo na mwaliko uende shule za msingi za jirani. Mabango ya hotuba yapunguzeni, watoto waongezeni.

Hatua ya nane: kinachobaki maktaba

Kikao kikiisha, kiwe kimeacha kitu kinachoshikika. Sisi tuna daftari kubwa la kurasa mia mbili lenye jalada gumu, linalokaa kwa mkutubi. Kila kikao kina kurasa mbili: tarehe, mada, waliozungumza, idadi ya waliohudhuria iliyohesabiwa kweli na isiyokadiriwa, na kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote cha maktaba yetu. Mwandishi ni mwanachuo, zamu kwa zamu, na anaandika jioni ile ile.

Rekodi za sauti zina utaratibu wake. Kabla ya kikao futa nafasi kwenye simu na jaribu dakika moja. Tulishawahi kumpoteza fundi wa milango baada ya dakika kumi na moja kwa sababu simu ilijaa. Tumieni simu mbili. Jina la faili lianze na tarehe. Hifadhini mahali pawili, kompyuta ya maktaba na diski iliyo kabatini kwa mkuu wa chuo. Idhini ya msimulizi iandikwe na kusainiwa, au iwekwe kwa dole gumba na shahidi, ikisema sauti itatumika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata chuo chenye mwembe mmoja. Na asiyetaka sauti yake iende mitandaoni, isiende, hata kama kikao kilikuwa kizuri kiasi gani.

Wiki ya mwisho kabla ya wanachuo wa mwaka wa pili kwenda mafunzo kwa vitendo, watu watano wakae saa moja. Wasome daftari kuanzia mwanzo, wachague tarehe sita za muhula unaofuata, waziandike kwenye manila na kuibandika mlangoni mwa bwalo. Kisha daftari, kisanduku cha akiba na ufunguo wa kabati vikabidhiwe kwa yule wa mwaka wa kwanza, mbele ya mkutubi, na asaini.